Mashindano ya bakigamoni kwenye baa yanakesha na wageni hawarudi: nifanyeje?

SWALI

Ndugu mshauri,

Kila Jumanne naendesha mashindano ya bakigamoni, mchezo wa kusogeza kete ubaoni kwa kufuata dadu, katika baa iliyo katikati ya mji. Wachezaji huwa kati ya 12 na 16, na mbao za kuchezea tunazo nane. Tunaanza saa moja na nusu usiku kwa mechi za pointi 7 (gemu baada ya gemu hadi mmoja afikishe 7), mfumo wa mtoano, ukifungwa umetoka.

Fainali haijawahi kuanza kabla ya saa sita usiku. Wanaobaki kuitazama ni mimi na mhudumu anayepandisha viti juu ya meza. Aliyefungwa mapema huondoka mapema. Mshindi ni mmoja wa watu watatu walewale, na mgeni akija mara mbili wa tatu humwoni. Halafu kuna ugomvi: dadu iliyoegemea kete ihesabiwe au isihesabiwe, fulani kasogeza vibaya, na juzi mtu kadai kabisa kuwa dadu zimepikwa.

Mwenye baa naye kachoka. Anasema watu kumi na sita wanaolinda glasi moja moja jioni nzima si biashara, na kanipa hadi mwisho wa mwezi ujao. Mchezaji mmoja anashauri tuifute dadu ya dabo, ile ya kupandisha maradufu thamani ya gemu, ili wageni wasichanganyikiwe. Mwingine anataka kiingilio kipandishwe ili zawadi inone. Mimi mwenyewe hucheza, na hapo ndipo lawama za upendeleo zinapoanzia.

Niuache mtoano? Nifupishe mechi? Ninunue saa? Nianzie wapi?

Mratibu wa Jumanne

JIBU

Ndugu Mratibu,

Karibu kila unacholalamikia kinatokana na jambo moja: mtoano wa mechi za pointi 7 hauenei katika jioni ya baa. Piga hesabu. Mechi ya pointi 7 isiyo na saa huchukua kama saa nzima, na wachezaji wazito huifikisha saa moja na robo au kupita. Wachezaji 16 ni raundi nne. Kumbuka pia kwamba raundi huisha meza ya mwisho inapomaliza, wastani hausaidii kitu. Meza saba zikimaliza kwa dakika 50 na ya nane ikaenda 80, raundi yako ni dakika 80. Mara nne, na ulianza saa moja na nusu, umefika saa saba kasoro dakika kumi usiku kabla hata ya kuwasaka waliotoka nje kupunga upepo.

Wakati huohuo mtoano unakufukuzia wateja. Raundi ya kwanza inatoa watu 8, ya pili inatoa 4. Ikifika saa nne na kidogo, watu 12 kati ya 16 hawana shughuli tena mle ndani. Mwenye baa ana haki ya kununa.

Kwa hiyo anza na saa ya kufunga, kisha urudi nyuma. Ukitaka zawadi itolewe kabla ya saa tano usiku, una saa tatu na robo za kucheza. Humo zinaingia raundi tatu za mechi za pointi 5 kwa mfumo wa Uswisi, pamoja na fainali fupi ya pointi 3. Orodha ya majina ifungwe saa moja na robo. Raundi ya kwanza saa moja na nusu, ya pili saa mbili na dakika 25, ya tatu saa tatu na dakika 20, fainali saa nne na robo. Kila raundi ina dakika 45 za kucheza na 10 za kupumua, na hizo 10 zina kazi yake, tutazifikia.

Katika mfumo wa Uswisi hakuna anayetolewa. Kila mtu anacheza raundi zote, na kila raundi anapangwa na mtu mwenye idadi ya ushindi sawa na yake, mradi wasiwe wamekwisha kukutana. Wachezaji wakiwa 16, baada ya raundi tatu wanabaki wawili tu wasiofungwa, na hao ndio wa fainali. Wakiwa 8 anabaki mmoja, fainali haihitajiki. Wakiwa 12, baada ya raundi ya pili kuna watatu wasiofungwa: wawili wakutane, wa tatu acheze na mwenye ushindi mmoja, na mwisho utabaki na mmoja au wawili. Nafasi zinazofuata ziamuliwe kwa kujumlisha ushindi wa wapinzani ambao kila mmoja alikutana nao. Aliyepangiwa wagumu anatangulia.

Kompyuta ya nini? Chukua kadi ngumu, moja kwa kila mchezaji: jina juu, chini yake mistari mitatu ya mpinzani na matokeo. Raundi ikiisha, panga kadi kwenye kaunta kwa mafungu ya ushindi 2, 1 na 0, changanya kila fungu, toa mbilimbili. Ikitokea jozi iliyokwisha kukutana, badilisha na kadi inayofuata. Dakika tatu zinatosha, na kwa kuwa kila mtu anaona kadi zikichanganywa, hakuna wa kusema umempangia fulani. Aliyechelewa pia haharibu kitu: anaingia raundi ya pili akiwa na sifuri. Kwenye mtoano ungemrudisha nyumbani.

Sasa saa. Ndiyo, nunua, ila si lazima uwe na nane kwa mkupuo. Saa ya kidijitali ya sataranji inafaa ikiwa tu ina mtindo wa kusubiri: kila zamu mchezaji ana sekunde 12 za bure kabla akiba yake haijaanza kuliwa, na sekunde asizotumia hupotea. Akiba yenyewe ni dakika 2 kwa kila pointi ya mechi, yaani dakika 10 kwa kila mchezaji katika mechi ya pointi 5, na 6 katika ile ya pointi 3. Kwa mpangilio huo mechi ya pointi 5 hukaa vizuri ndani ya dakika 45. Zipo saa zenye mtindo wa kuongeza tu, ambapo sekunde zisizotumika hulimbikizwa kwenye akiba. Ukiweka 12 humo, anayecheza haraka atajikuta na akiba kubwa kuliko aliyoanza nayo na mechi haitaisha. Weka 8. Programu za simu zinafanya kazi hiyohiyo, ila simu mezani hupigiwa na kupokea ujumbe, na mchezaji akiishika tu mpinzani anaanza kuwaza mengine.

Ukiwa na saa mbili tu, zifanye za dharura. Dakika ya 30 pita mezani ukitazama karatasi za pointi. Meza ambayo jumla ya pointi za wote wawili haijafika 4 inapelekewa saa. Chukua pointi anazohitaji aliye nyuma, zidisha kwa dakika 2, wape wote wawili kiasi hicho: wakiwa 2 kwa 1, aliye nyuma anahitaji 4, kila mmoja apate dakika 8. Atakayemaliza akiba yake amepoteza mechi nzima. Tangaza hayo mwanzo wa jioni, mbele ya wote, maana saa ikitua mezani bila onyo huonekana ni adhabu.

Na wachelewaji wa mezani, wale wanaosema nakuja nakuja: dakika 10 baada ya raundi kutangazwa, pointi moja kwa mpinzani, kila dakika 5 zaidi, pointi nyingine. Zikifika 3, mechi imekwisha.

Dadu ya dabo usiifute. Tunaelewa hoja ya mwenzako, lakini matokeo yatakuwa kinyume cha anachotaka. Bila dabo, gemu ambayo mshindi wake anajulikana tangu katikati inaendelea kuchezwa robo saa nzima hadi kete ya mwisho itolewe. Ikiwepo, aliye mbele anaweka dabo, mwenzake anakataa, pointi moja, mnapanga upya. Ukiiondoa, mechi zako za pointi 5 zitarudi kuwa ndefu kama zile za 7.

Wageni wafundishwe tu. Fungua meza moja saa moja kamili, nusu saa kabla ya raundi ya kwanza, ya kufundishia. Dadu ile huanza katikati, gemu ikiwa na thamani ya 1. Yeyote, kabla ya kutupa dadu zake, anaweza kupendekeza gemu iwe na thamani ya 2. Mpinzani akikataa anapoteza 1 na gemu inaishia hapo. Akikubali, dadu inahamia upande wake, na yeye pekee ndiye anayeweza kuipandisha hadi 4. Swali la kila mgeni ni moja: nikubali lini? Mpe hesabu hii. Chukua gemu nne zinazofanana, kila moja una nafasi ya robo ya kushinda. Ukikataa dabo zote nne umepoteza pointi 4. Ukikubali zote, unafungwa tatu kwa pointi 2 kila moja, hizo ni 6, na unashinda moja ya pointi 2. Hasara ni 4 vilevile. Basi ukiwa na zaidi ya robo, kubali. Hatari ya kufungwa gamoni, yaani kabla hujatoa kete hata moja, na hali ya pointi kwenye mechi hubadilisha hesabu, lakini hayo atayajua akiendelea kuja.

Karatasi ya pointi iwe na kisanduku cha kanuni ya Crawford, maana hapa hata wazoefu husahau. Mmoja akifikisha pointi 4 katika mechi ya 5, gemu inayofuata, hiyo moja tu, inachezwa bila dabo. Ikiisha na mechi ikaendelea, dabo inarudi. Iandikwe C kando ya gemu hiyo kabla ya kuianza, vinginevyo gemu mbili baadaye kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake.

Kuhusu wale watatu wanaoshinda kila wiki, hakuna dawa ya kuwazuia, na usiitafute. Cha kurekebisha ni kile anachopata mgeni. Fomula ya viwango iliyotumiwa na FIBS, seva ya kucheza bakigamoni mtandaoni, ambako mchezaji huanza na alama 1500, inasema hivi: ukizidiwa alama 300, nafasi yako ya kushinda mechi ya pointi 7 ni asilimia 29, ya pointi 5 ni 32, ya pointi 3 ni 35. Mechi ikirefuka, bahati hupungua nguvu. Kwa mtoano wako wa sasa, mgeni wa namna hiyo akipangwa na mzoefu huenda nyumbani baada ya mechi moja, mara 71 kati ya 100. Katika raundi tatu za pointi 5, hata kama kila mpinzani angemzidi alama 300, uwezekano wa kupata angalau ushindi mmoja ni asilimia 68 hivi. Na hali halisi ni nafuu zaidi, kwa sababu akifungwa ya kwanza anakutana na mwingine aliyefungwa. Mtu aliyeonja ushindi mmoja hurudi.

Kwa wanaokuja mara kwa mara weka jedwali la msimu: Jumanne kumi, pointi 1 kwa kuhudhuria na 2 kwa kila ushindi, na uhesabu jioni saba bora tu. Hizo tatu za kutupa ni muhimu. Mtu akikosa wiki mbili na kuona hawezi tena kuwafikia wenzake, ya tatu haji.

Ugomvi wa dadu unamalizwa na karatasi moja kila meza, yenye maneno machache. Dadu zote mbili zitupwe kwa kikombe na zitue bapa upande wa ubao ulio mkono wa kulia wa mtupaji. Ikiegemea kete, ikapanda juu ya kete, ikaruka mhimili wa katikati au ikaanguka chini, zote mbili zinarudiwa. Mchezaji anaweza kubadilisha mawazo na kurudisha kete zake hadi atakapookota dadu. Akiokota, zamu imekwisha. Aliyesogeza kinyume na dadu arekebishe, na yeyote kati ya wawili anaweza kusema, ila kabla ya mpinzani kutupa. Baada ya hapo kosa linabaki. Gamoni ni mara mbili ya thamani ya dadu ya dabo hata kama haijaguswa. Hilo liandikwe kwa herufi kubwa, kwa sababu waliozoea kucheza kwa fedha wana kanuni tofauti, ambapo gamoni haihesabiwi bila dabo, na watakuapia kuwa ndiyo sahihi. Watazamaji wafunge midomo, hata wakiona kosa.

Kupanga kete kimakosa ni tatizo la wageni, nalo lina kipimo rahisi: ukihesabu hatua zote za kuzitoa kete zako 15, jumla mwanzoni ni 167. Haifiki au inazidi, kuna kete imekaa pasipo pake, mara nyingi zile tatu za pointi ya 8 (yaani nafasi ya nane ubaoni) zimewekwa kwenye ya 7.

Anayesema dadu zimepikwa asibishiwe. Kila meza iwe na dadu nne za ukubwa mmoja, na kila mchezaji awe na haki ya kuomba zichanganywe kabla ya gemu kuanza: zote nne zinatikiswa katika kikombe kimoja na kumwagwa, mmoja achague moja, mwenzake moja, hadi kila mmoja apate mbili. Hakuna tena dadu za fulani. Vikombe viwe na mdomo wenye ukingo kwa ndani ili dadu zigonge zikitoka. Kikombe laini cha bei rahisi kinaziteleza tu, na huko ndiko tuhuma huanzia. Weka jozi sita za akiba nyuma ya kaunta, maana zinapotelea chini ya makochi, na hesabu kete 30 kila ubao kabla haujafungwa.

Sasa mwenye baa. Zile dakika 10 kati ya raundi ndizo zake. Mtu aliye katikati ya mechi haagizi. Ana dadu mkononi na saa inatembea. Mpe mwenye baa ratiba ili wahudumu wapite meza zote raundi inapoisha, badala ya kukatiza mchezo. Glasi zikae kwenye meza ndogo za pembeni, kamwe si kando ya ubao, na vyakula vya mafuta visubiri mapumziko. Ubao mkubwa ukifunguliwa hula zaidi ya nusu mita kila upande, kwa hiyo meza ya duara ya watu wawili haitoshi. Mwombe pia taa angavu juu ya meza. Kete za kahawia na nyekundu chini ya mwanga hafifu hufanana, na makosa mengi ya kusogeza yanatoka hapo kuliko kwenye ujanja. Ninyi muahidi watu wote watakuwepo hadi saa nne. Alinganishe mauzo ya Jumanne nne za mfumo mpya na nne zilizopita, kisha muongee.

Kiingilio usikipandishe. Zawadi nono huvuta wale watatu, si wageni. Zaidi ya hapo, katika nchi nyingi kiingilio cha fedha pamoja na zawadi ya fedha ndani ya baa huweza kuhesabiwa kamari, na leseni inayohatarishwa si yako. Watakutajia kesi ya Portland, Oregon, mwaka 1982, ambamo jaji aliamua kuwa bakigamoni ni mchezo wa ustadi. Ni kweli aliamua hivyo, lakini uamuzi huo haumfungi jaji wa kwenu. Aliyepewa leseni aulize mamlaka iliyoitoa, apate jibu la maandishi. Hadi hapo, zawadi iwe hati ya vinywaji na chakula kutoka kwa baa, na fedha za pembeni zisionekane juu ya ubao. Mkiruhusiwa kukusanya, rudisheni zote kwa wachezaji: kwa watu 16, nusu kwa mshindi, asilimia 30 kwa wa pili, 20 kwa bora kati ya wenye ushindi mbili. Ukikata hata kidogo kwa ajili ya dadu na kalamu, tangaza ni kiasi gani kabla ya mtu kulipa.

Wewe mwenyewe cheza pale tu idadi inapokuwa witiri, ili pasiwe na anayepita bila kucheza. Mechi zako zihesabike kwa mpinzani lakini wewe usiingie kwenye orodha ya zawadi, na mgogoro wa meza yako uamuliwe na mtu mwingine aliyetajwa tangu saa moja na robo. Idadi ikibaki witiri kwa sababu nyingine, kupita bure raundi ya kwanza kuamuliwe kwa kura. Raundi zinazofuata kuende kwa mwenye ushindi mchache, na mtu asipite mara mbili jioni moja.